Chumba kimoja, viraka mia nne: ninavyotunza vitambaa na oda bila kununua kabati

Leo naongea na wale tunaoshona na kuuza mtandaoni, na hasa sisi wa kazi za viraka: mablanketi ya vipande vya vitenge, foronya za mito ya makochi, mikoba, vishikio vya sufuria. Najua neno viraka mtaani linaonekana la shida shida, mtu akisikia anadhani suruali ya shamba. Acha wacheke. Blanketi moja la viraka lililotulia bei yake inashinda gauni tatu.

Wanaoniandikia inboksi wengi wanauliza cherehani gani nzuri, uzi gani haukatiki, wateja napata wapi. Karibu hakuna anayeuliza vitu naviweka wapi. Na mimi nakwambia, kwa kazi yetu hela nyingi zinapotelea hapo hapo.

Hebu tupige hesabu. Blanketi la kitanda kikubwa nakata vipande vya mraba vya inchi 5. Ukitoa robo inchi ya mshono kila upande kinabaki inchi 4 na nusu. Ukipanga 20 kwa 20 unapata inchi 90 kwa 90, yaani futi saba na nusu kila upande. Hivyo ni vipande 400, kwa blanketi moja. Bado bitana ya chini, bado ile pamba ya kujazia inayouzwa imeviringishwa, bado utepe wa kuzungushia pembeni. Kazi hiyo haiishi siku moja, na wakati inaendelea kuna mtu ameagiza mikoba mitatu na mwingine anataka foronya sita za Jumamosi. Vyote viko chumba kimoja na kitanda chako, jiko lako na mdogo wako anayesomea mezani.

Sasa vipotee vipande vinane vya kitenge kimoja. Unarudi Kariakoo, mwenye duka anakwambia ule mchoro umeisha, mzigo mpya umekuja na maua mengine. Vitenge ndivyo vilivyo, mchoro ukiisha umeisha. Na mteja ulishachukua nusu ya hela yake, na ile nusu umeshanunulia vitambaa na nyingine imeenda kwenye kodi. Kwa hiyo ile kazi isiyoisha uliyoirundika kwenye kona ni deni la mtu. Ndiyo maana mimi sianzi kupanga kwa rangi kama tunavyoona kwenye video za Marekani. Kule mtu ana chumba kizima cha kushonea, rafu mpaka juu, vitambaa vimepangwa kuanzia nyekundu mpaka zambarau. Vinapendeza sana, na kwa anayeshona kujifurahisha inatosha. Mimi natanguliza oda. Rangi zitajijua baadaye.

Kila oda ina mfuko wake. Mfuko wenyewe unao tayari nyumbani kwako. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania, kila nyumba ina rundo la ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, umeisokomeza chini ya sinki au nyuma ya mlango. Hiyo ndiyo kabati yangu. Inapitisha hewa, ina mikono ya kuning'iniza, haina uzito, na mkubwa kabisa unapokea blanketi zima likiwa vipande. Nimegongomea ufito mmoja ukutani, nikakunja waya kuwa ndoano, mifuko inaning'inia kama nguo dukani. Angalizo moja tu: isikae inapopigwa na jua la dirishani. Jua linaikausha mpaka inakatika katika kama jani kavu, siku unaivuta inabaki mikono tu.

Ndani ya mfuko kinakaa kila kitu cha ile oda na hakuna kitu cha oda nyingine. Vipande vilivyokatwa, bitana, zipu, na hata uzi wa rangi yake. Mtu atasema uzi si unatumika kwenye kazi zote? Sawa, lakini ukiutoa pale usiku saa tano ukautumie kwenye mkoba, asubuhi utaanza kuutafuta. Uzi mdogo mmoja wa ziada hauumizi mfuko kuliko nusu saa ya kutafuta.

Halafu kuna kadi. Nakata boksi la dawa ya meno au la biskuti, upande mweupe ndio naandikia: namba ya oda, jina la mteja, kipimo, alicholipa, anachodaiwa, tarehe niliyomwahidi, na mstari mmoja wa nilipoishia. Huu wa mwisho ndio dawa. "Nimeunga safu 7, ya 8 nimeipanga bado kushona." Ukirudi kwenye kazi baada ya wiki mbili husimami kujikuna kichwa. Nje ya mfuko nabana kipande kidogo cha kitenge cha kazi hiyo kwa pini, hivyo nikitupa macho ukutani najua kila mfuko bila kuufungua.

Vile vipande 400 navyo vina ufundi wake. Ukishavipanga sakafuni ukapenda muonekano, piga picha kwanza kabla mtoto au upepo haujapita. Kisha chukua sindano na uzi imara, kusanya safu ya kwanza kwa mpangilio wake, pitisha uzi kwenye kona ya vipande vyote 20, funga, weka karatasi yenye namba 1. Safu ya pili hivyo hivyo. Unabaki na mafungu 20 yaliyofungwa kama mishikaki, yanaingia mfukoni, na siku ya kushona unachomoa kimoja kimoja bila kuchanganya. Haina gharama yoyote zaidi ya uzi.

Nikupe mfano wa kwa nini nasisitiza hivi. Kuna mama mmoja aliniletea khanga 14 za marehemu mama yake. Alitaka mablanketi mawili, moja lake na moja la mdogo wake, ili kila mmoja abaki na kumbukumbu. Kazi ya namna hii si kama kununua kitenge dukani. Ukiharibu khanga ya marehemu hakuna duka la kwenda kununua nyingine, na hata ukiipata yenye jina lile lile, siyo ile. Nilizipiga picha zote, moja moja, jina lake likisomeka. Kila khanga nikaibana karatasi yenye namba, 1 mpaka 14, na kwenye kadi nikaandika ipi imekatwa na ipi bado. Sikuzikata zote kwa pamoja. Nilikata kila moja zamu yake ilipofika.

Wiki ya pili, usiku kama saa mbili, simu. "Mwanangu, samahani, ile ya bluu yenye korosho umeshaikata?" Kumbe shangazi yao amefika kutoka Tanga, anasema ile khanga marehemu aliivaa siku ya harusi ya binti yake, na yeye ndiye aliyemnunulia. Anaitaka. Na kwa sauti ya yule mama nilijua nyumbani pale hali haikuwa nzuri. Nilifungua picha, ilikuwa namba 9. Kadi inasema bado. Nikashusha mfuko, nikaitoa, nikapiga picha mpya nikamtumia. "Haijakatwa, mama. Hii hapa." Haikufika dakika tano. Asubuhi bodaboda akaipeleka.

Fikiria jibu lingekuwa "ngoja nitafute nitakujibu kesho". Usiku ule ndani ya ile nyumba ungekuwaje? Blanketi tulilipunguzia safu, likaisha, na mabaki yote, mpaka vipande vya pindo vya upana wa vidole viwili, nilimrudishia kwenye foronya. Hili wengi hatulifanyi. Kitambaa alichokuja nacho mteja, hata kibaki kipande cha kufutia miwani, ni cha kwake. Ukikitaka, muombe. Yule mama kanileta wateja wanne mpaka leo, na wote wanasimulia habari ya ile khanga, hakuna anayesifia mshono wangu! Sawa tu.

Tuje kwenye simu. Kama unatumia WhatsApp Business, kwenye katalogi kila bidhaa ina sehemu ya kuandika kodi. Wengi tunairuka. Mimi naandika humo namba ile ile iliyo kwenye mfuko au boksi ilimo bidhaa. Mteja akituma picha ya mkoba na kuuliza "hii ipo?", naangalia kodi, naenda moja kwa moja. Tunauza mtandaoni jamani, na mteja wa mtandaoni hana subira ya mteja wa dukani. Wa dukani ameshapanda daladala kuja, atakusubiri upekue. Huyu wa simu ukichelewa dakika kumi ameshauliza kurasa tatu nyingine. Bidhaa ikiuzwa, siku hiyo hiyo naificha kwenye katalogi na namba inahamia kwa nyingine.

Vitambaa ambavyo bado havina oda, yaani stoko, vinakaa tofauti. Kata maboksi magumu kwa ukubwa wa daftari la shule, yote yalingane. Kila kitenge kikunje kwa upana huo, kizungushe kwenye kadi, banisha mwisho kwa pini. Vikishalingana visimamishe kwenye boksi la karatasi za A4 kama vitabu kwenye rafu, mgongo juu. Kwenye stationari maboksi hayo wanakupa bure au kwa hela ya soda. Ukivilaza vikapandana, kile unachokitaka lazima kiwe cha chini kabisa, unakivuta na rundo zima linakuja. Vikisimama unachomoa kimoja na vingine vinabaki. Pembeni ya kadi naandika yadi zilizobaki, na kila nikikata nafuta naandika upya kwa penseli. Mara mbili kwa wiki hili linaniokoa na kuahidi kitu nisichonacho.

Boksi lina maadui wake lakini. Mchwa wanakula boksi, na wakimaliza wanahamia kwenye pamba. Usiweke boksi chini kabisa wala kulibana ukutani. Tofali mbili, ubao juu, na nafasi ya kiganja kati ya boksi na ukuta, maana ukuta wa nje wakati wa masika unakuwa na unyevu na kitambaa kikigusana nao kinaota ukungu. Kitambaa cheupe kikikaa muda mrefu kimegusana na boksi kinaweza kugeuka njano kwenye mistari ya mikunjo, kwa hiyo cheupe nakifunga kwanza kwenye foronya ya zamani iliyofuliwa.

Mende nao, pamoja na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia kwenye vitabu vya zamani, wanafuata wanga. Kitenge kipya kile ugumu wake mara nyingi ni wanga. Hapa lazima uamue unakiweka kwa kazi gani. Kama utakiuza kwa yadi, usikifue, mteja anataka ule ugumu na lile karatasi la kampuni. Kama utakikata viraka, kifue kwanza. Utatoa wanga, kitanywea sasa hivi na si baada ya kuungwa, na utajua kama kinachuja. Khanga nyekundu ikichuja kwenye blanketi lenye vipande vyeupe, hiyo kazi imekufa. Hakikisha kimekauka kabisa kabla ya kukikunja. Unyevu kidogo tu ndani ya mkunjo, siku za masika, unatosha kukiharibu.

Kuhusu dawa: mama zetu wa Pwani wanaweka karafuu kwenye masanduku ya nguo, na majani makavu ya mwarobaini. Natumia vyote viwili, ila nimevifunga kwenye vifuko vya kitambaa, maana karafuu ina mafuta na ikigusa kitambaa moja kwa moja inaacha doa. Vile vidonge vyeupe vya nondo siviweki ndani. Ni sumu, vinafanana na peremende, na chumba ninachoshonea ndicho tunacholala. Mwenye mtoto anayetambaa anielewe. Pia vina harufu ambayo haitoki kwenye blanketi hata ulianike siku mbili.

Na harufu kwa ujumla, tuliomo kwenye chumba kimoja tuiongelee. Kitambaa kinanasa moshi na kinanasa samaki wa kukaanga. Kazi iliyokwisha, inayosubiri kusafirishwa, naiviringisha badala ya kuikunja, naiingiza kwenye foronya safi, kisha kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko. Ndoo hizo mafundi rangi wanaziuza kwa bei ndogo, chukua za rangi ya maji, zioshe mapema kabla haijakauka. Panya hapiti, mvua ikivuja haipiti, harufu haipiti. Lakini ni kwa siku chache na kwa kitu kikavu tu, maana hewa nayo haipiti. Blanketi lisilo na mnunuzi nalitoa kila mwezi, nalianika kivulini, nalikunja kwa mistari mingine. Mkunjo ukikaa mahali pamoja miezi sita unakuwa kovu.

Ndoo mbili nyingine ni za mabaki. Mabaki ndiyo yanayotushinda wengi, kwa sababu tunayaonea huruma yote. Kanuni yangu ni kukata siku hiyo hiyo. Kibaki kinachotosha mraba wa inchi 5 nakikata inchi 5, kinaenda ndoo ya kwanza. Kisichotosha nakikata ukanda wa inchi 2 na nusu, ndoo ya pili. Kinachoshindwa hapo ni cha kujazia mito. Kipimo nilikata kwenye mfuniko wa ndoo iliyopasuka, hakilainiki kama boksi, kona zake hazilikiki. Ndoo ya inchi 5 ikijaa, hiyo ni blanketi ambalo vitambaa vyake umeshavilipia kwenye oda nyingine. Na juu ya mfuniko ukiweka mto mdogo, umepata stuli ya cherehani.

Vitu vidogo siviongelei sana. Trei la mayai lina mashimo 30, uzi unakaa humo. Bobini naifunga na uzi wake wa juu kwa kupitisha njiti ya kiberiti katikati ya vyote viwili, rangi hazipotezani. Vifungo kwenye makopo ya maziwa.

Ila sumaku usiikose. Spika mbovu yoyote ina sumaku nyuma, fundi redio atakutolea. Inakusanya pini zilizomwagika, sawa, lakini kazi yake kubwa ni nyingine: kabla blanketi halijatoka ndani kwangu, nalitandaza na kupitisha ile sumaku taratibu juu yake, safu kwa safu, mbele na nyuma. Pini za chuma zilizosahaulika kwenye pamba zinavutwa, utasikia kitambaa kinanyanyuka. Naihesabu pia kopo la pini kabla na baada. Mtoto wa mtu atalala juu ya kitu hicho. Sumaku hiyo hiyo usiiweke karibu na kadi ya benki.

Mtaniuliza kuhusu yale makontena ya plastiki yanayoonesha ndani. Ni mazuri, sikatai, unaona kila kitu. Lakini kwa bei ya moja kubwa napata mkasi wa maana, na mkasi unaingiza hela, kontena linakaa tu. Ukiwa na faida ya ziada nunua. Ukiwa na mtaji wa kuunga unga, subiri.

Jumamosi asubuhi natenga saa moja. Nashusha mifuko yote kwenye ufito, mmoja mmoja, nasoma kadi, nahesabu mafungu, napiga picha nilipofikia na kumtumia mwenye oda. Picha hiyo inapunguza sana zile simu za "vipi, imefikia wapi?". Ambao haujasogea wiki mbili naugeuza kadi yake nje, mbele ya wengine, na Jumatatu ndio wa kwanza kwenye cherehani. Ambao mwenyewe hapokei simu na hajamalizia hela, nauacha ulivyo, haukatwi wala haukopeshi hata zipu. Ninao mmoja sasa hivi, namba 31, foronya nne za kitenge cha kijani. Aliniambia anasubiri mshahara. Zipo, dada, hata kipande kimoja hakijatoka.